Mashine ya salfa imegoma: kufuatilia moto kuanzia plagi hadi flaiwili

Msimu wa kupulizia mikorosho ukianza, mafundi pikipiki wa Newala, Tandahimba na Masasi hugeuka mafundi wa mashine za salfa. Malalamiko wanayoletewa ni yale yale kila mwaka: "haina moto", "inawaka asubuhi ikipata joto inazima", "inakatakata nikiwa chini ya mti". Na jibu wanalopewa wakulima mara nyingi ni moja tu: nunua koili. Koili, kinachotoa umeme wa cheche, ndicho kifaa cha bei kwenye mfumo mzima wa moto (yaani cheche ya plagi), na kwa aina nyingi za mashine hakipo kwenye duka la pembejeo la wilayani, lazima kiagizwe. Huku unakisubiri, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unaendelea kula maua. Salfa ya unga inatakiwa kurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo siku kumi za kusubiri kifaa ambacho pengine hakikuharibika zinaweza kukupitisha mzunguko mmoja.

Mwongozo huu ni wa mashine za kubeba mgongoni zenye injini ndogo ya petroli ya mipigo miwili, zile unazochanganya petroli na oili ya 2T. Hatua ni zile zile kwa msumeno wa mbao na kwa mashine ya kufyekea nyasi, maana mfumo wao wa moto ni mmoja.

Kuna jambo moja la kuelewa kwanza. Mashine hizi hazina betri. Kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na shafti ya injini, kuna sumaku, na kila inapopita mbele ya koili inazalisha umeme unaokwenda kwenye plagi. Swichi ya kuzimia haikati umeme huo kama swichi ya taa ya nyumbani. Inafanya kinyume: inaunganisha waya mwembamba wa koili na bodi (chuma) ya injini, umeme unaishia hapo, injini inazima. Kwa hiyo waya huo ukichubuka na kugusa chuma popote, mashine inakuwa imezimwa muda wote, hata swichi ikiwa kwenye "washa". Koili nyingi nzima hutupwa kwa sababu hiyo tu.

Kabla ya kushika spana

Salfa inawaka. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 115 hivi, na vumbi lake likitanda hewani linaweza kulipuka kwa cheche ndogo kuliko ya plagi. Usipime moto wa plagi huku tangi la salfa lina unga, wala pale pale ulipokuwa unajaza. Toa tangi au limwage, futa mashine kwa kitambaa kikavu, sogea mita kadhaa upande upepo unakotokea. Funga kifuniko cha petroli na ufute iliyomwagika. Sigara isikaribie kabisa.

Kama injini imetoka kufanya kazi, iache ipoe. Nawa mikono pia, kwa sababu salfa ikiingia machoni utaacha kazi hata kama mashine imepona.

"Navuta kamba mpaka mkono unauma, haina moto kabisa"

Anza na swichi. Si utani. Mashine iliyolala stoo tangu mavuno huchezewa na watoto, na swichi nyingine hukwama katikati kwa uchafu. Iwashe na kuizima mara kadhaa, halafu jaribu tena.

Kinachofuata ni plagi, ambayo ndiyo mkosaji wa kawaida kuliko vyote. Ifungue uitazame. Ikiwa imelowa petroli, injini imefurika: ikaushe, ondoa choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia ikiwa baridi), vuta kamba mara chache bila plagi ili petroli itoke silinda. Hapo hakikisha kofia ya plagi haichezi hewani karibu na tundu, na plagi yenyewe imegusishwa bodi. Mvuke unaotoka pale unawaka. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta mazito, oili imezidi kwenye mchanganyiko au filta ya hewa imeziba kwa salfa. Mashine inayotaka 25 kwa 1 inahitaji mililita 40 za oili kwa lita ya petroli. Inayotaka 50 kwa 1 inahitaji mililita 20. Soma kitabu chake au kifuniko cha tangi, usikisie kwa kizibo cha chupa.

Watu wengi huikausha plagi kwenye jiko la mkaa. Petroli itakauka kweli, lakini masizi yenye oili hubaki, na kauri ikipata joto la ghafla hupasuka ufa usioonekana. Msasa nao hukwaruza kauri, na uchafu hupata mahali pa kushika. Mswaki wa zamani na petroli kidogo vinatosha. Kisha pima mwanya kati ya ncha mbili: mashine nyingi za ukubwa huu hutaka milimita 0.5 hadi 0.7. Mwanya ukiwa mkubwa, cheche hushindwa kuruka. Ukiwa mdogo sana, punje moja ya masizi inaziba njia.

Sasa pima moto. Rudisha plagi kwenye kofia yake, gusisha uzi wa plagi (sehemu yenye mistari ya skrubu) na chuma kitupu cha silinda, mbali na tundu, mkiwa kivulini. Mwenzako avute kamba kwa nguvu na kwa haraka. Ukivuta polepole kama mtu anayepandisha ndoo kisimani, sumaku haipiti kwa kasi ya kutosha na utaona hakuna moto hata kwenye mashine nzima. Unatafuta cheche ya bluu inayosikika ikipiga. Cheche nyembamba ya njano ni dhaifu. Usivute kamba huku plagi ikining'inia bila kugusa bodi: umeme ukikosa njia ya kutokea hutafuta njia ndani ya koili yenyewe, na hapo ndipo koili nzima huuawa na anayeikagua.

Hakuna moto? Weka plagi mpya kabla ya kuendelea. Chukua ya zamani mkononi uende nayo dukani, mlinganishe unene na urefu wa uzi. Plagi yenye uzi mrefu kuliko ya awali inaweza kuingia vizuri tu, kisha ikagonga pistoni kwenye mvuto wa kwanza.

Plagi mpya nayo ikikosa moto, tazama kofia ya plagi. Ndani yake kuna springi au skrubu inayoshika waya. Huku kwetu sehemu hii huharibika kuliko kwingine, na sababu ni salfa yenyewe. Salfa hushambulia shaba na kuifanya nyeusi, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Vumbi la salfa lenyewe halipitishi umeme, ila likichanganyika na umande wa alfajiri, na kwa walio Mikindani au Kilwa na chumvi ya bahari, linakuwa utando wenye unyevu ambao umeme wa plagi huupenda kuliko kuruka mwanya. Kama waya ni wa kufungua, kata milimita tano za mwisho mpaka uone shaba inayong'aa, kisha urudishe kofia. Kama waya umeunganishwa moja kwa moja na koili na kofia haitoki, usikate; safisha kwa kitambaa kikavu na ukague nyufa.

Baada ya hapo ndipo kinakuja kipimo chenye thamani kuliko vyote: chomoa waya mwembamba wa swichi pale unapoingia kwenye koili, uuache bila kugusa kitu, upime moto tena. Ukipatikana, koili ni nzima na tatizo ni swichi au waya wake. Ufuate waya wote kwa kidole. Injini ya mashine hii imekaa juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, lakini waya hupita kutoka injini inayotikisika hadi kwenye fremu isiyotikisika, na hapo ndipo huchubuka. Pengine ni kwenye kibano kimoja tu. Funga kwa tepu ya umeme, uupitishe mbali na kona ya chuma. Swichi ambayo shaba yake imekuwa nyeusi ibadilishwe. Ya pikipiki yenye waya mbili hufanya kazi, mradi ni ile inayounganisha inapozimwa. Kumbuka kwamba waya ukiwa umechomolewa mashine haitazimika kwa swichi, utalazimika kufunga choki.

Bado hakuna? Fungua kava la flaiwili. Mashine iliyokaa miezi sita mara nyingi utakuta manyigu wamejenga udongo humo. Safisha. Sumaku na miguu ya koili ikiwa na kutu, pitisha msasa laini na upulize vumbi. Kisha pima mwanya kati ya koili na flaiwili, ambao kwa nyingi ni milimita 0.3 hivi. Fila geji (kipimo cha mianya) ikikosekana, kipande cha kadi ya karatasi ya kawaida, kama ya biashara au ya mchango wa harusi, kinakaribia unene huo. Kadi ya benki haifai, ni nene zaidi ya mara mbili. Legeza skrubu mbili za koili, weka kadi, zungusha flaiwili sumaku iivute koili, kaza, toa kadi. Zungusha mzunguko mzima ukisikiliza kama kuna mahali inakwaruza. Ikiwa inagusa upande mmoja tu, bearingi ya shafti imechoka na hilo si la shambani.

Koili ndiyo ya mwisho. Kwa mita ya umeme unaweza kupima kati ya waya wa plagi na miguu ya chuma ya koili: kilo-omu kadhaa ni dalili nzuri, mita isiposoma kitu kabisa waya wa ndani pengine umekatika. Lakini koili za siku hizi zina vifaa vya elektroniki ndani, na mita huweza kudanganya pande zote mbili. Kipimo cha kuaminika ni kuazima koili ya mashine kama yako inayofanya kazi. Kwenye kikundi cha wapulizaji hilo haliwezi kukosekana.

"Nje plagi inatoa moto mzuri, ndani haiwaki"

Hapa wengi huhitimisha kwamba moto uko sawa, na pengine hauko. Nje cheche inaruka kwenye hewa ya kawaida; ndani inatakiwa kuruka kwenye hewa iliyogandamizwa, ambako ni vigumu zaidi. Plagi iliyochoka hufaulu mtihani wa nje na kufeli wa ndani. Kwa hiyo weka plagi mpya hata kama ya zamani imewaka mbele ya macho yako.

Kisha petroli. Mafuta ya kwenye chupa barabarani hupata maji au mafuta ya taa bila aliyekuuzia kujua. Mimina kidogo kwenye glasi, yaache yatulie; maji yatakaa chini yakijitenga. Mchanganyiko wa msimu uliopita umwage tu. Kama baada ya kuvuta mara nyingi plagi bado ni kavu kabisa, basi petroli haifiki, na tatizo liko kwenye kabureta au filta ya tangi, si kwenye moto.

Ikiwa petroli ni safi na plagi ni mpya, na mashine inapiga mshindo mmoja mmoja bila kushika, soma sehemu ya kurusha teke hapo chini. Na kama kamba inavutika kwa wepesi isiyo kawaida, hakuna mgandamizo: vumbi lililopita filta limekula ringi na silinda. Hapo tafuta fundi.

"Asubuhi inawaka kwa mvuto mmoja, ikipata joto inazima"

Hili ndilo linalotaka akili zaidi, kwa sababu koili inayokufa hufanya hivyo hivyo, na tangi lisilopumua hufanya hivyo hivyo. Jibu linapatikana katika dakika moja ya kwanza baada ya kuzima, na watu wengi huipoteza kwa kukaa chini kunywa maji.

Mara tu inapozima, shusha mashine mbali na salfa, legeza kifuniko cha tangi la petroli. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na mashine ikawaka baadaye, tundu la kupumulia limeziba. Ni jambo la kawaida sana kwa wanaotumia salfa ya unga, na tiba yake ni kusafisha kifuniko. Hiyo ndiyo sababu namba moja.

Kama si hiyo, chomoa plagi papo hapo ikiwa moto (vaa glavu) na upime cheche kwa plagi nyingine baridi uliyoibeba mfukoni. Cheche ikiwepo, rudi kwenye petroli: filta ya tangi, au kabureta. Cheche ikiwa imepotea, chomoa waya wa swichi upime tena, kwani waya uliochubuka hulegea kwa joto na kugusa bodi. Ikipotea hata hapo, subiri dakika ishirini au thelathini ipoe na upime tena. Moto ukirudi baada ya kupoa na kupotea tena baada ya kuchemka, mara mbili mfululizo, hapo koili ni mgonjwa kweli. Ndani yake waya mwembamba kama unywele hutanuka kwa joto na kuachana. Hakuna namna ya kuitengeneza. Kuipaka gundi au kuifunga tepu ni kupoteza siku.

Angalia pia kwa nini ilichemka. Mapezi ya silinda yaliyojaa salfa na majani yanazuia upepo, na koili mpya itaungua vile vile. Plagi yenye ncha nyeupe kama chokaa inasema injini inakosa mafuta au inavuta hewa mahali isipotakiwa, mfano kwenye sili za shafti. Usiendelee kuifanyisha kazi mashine ya namna hiyo. Pistoni itashika.

"Inakatakata nikivuta mafuta, na nikiinama inazima"

Mwanya wa plagi uliopanuka ndio wa kuanza nao, kisha kofia ya plagi inayovujisha umeme. Giza likianza kuingia, washa mashine isiyo na salfa na utazame kofia na waya: vicheche vya bluu vinavyotambaa nje vinaonyesha ufa ulipo.

Kuzima ukiinama tu, au ukigeuka kufuata tawi, ni waya unaogusa na kuachia. Mashine ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kuvutwa mafuta, tikisa waya wa swichi taratibu kwa kijiti kikavu kipande kwa kipande. Itakapokohoa, umefika. Kama waya wote uko imara na inakatika kwenye mafuta mengi pekee, filta ya hewa na kabureta ndivyo vya kuulizwa.

"Inarusha teke, kamba inaninyang'anya mkono"

Acha kuvuta. Flaiwili hushikwa mahali pake na ufunguo mdogo, kipande cha kuizuia isiteleze kwenye shafti, ambao kwenye mashine nyingi ni sehemu ya flaiwili yenyewe, ya aluminiamu. Nati ikilegea, ufunguo hukatika, flaiwili inateleza kidogo, na sumaku inapita kwenye koili wakati usio wake. Cheche inapiga pistoni ikiwa bado inapanda, na injini inageuka kinyume. Kifundo cha mkono kimeumizwa hivyo zaidi ya kimoja.

Unaweza kufungua kava na kujaribu kuitikisa flaiwili kwa mkono ukiwa umechomoa plagi. Ikicheza juu ya shafti, umepata jibu. Kuitoa ni kazi ya fundi mwenye pula, kifaa cha kuivutia nje. Wanaoigonga kwa nyundo kwenye ncha ya shafti hupinda shafti au kupasua sumaku, na mashine inaishia spea.

Mengine mafupi

Haizimiki kwa swichi: waya umechomoka au kukatika. Funga choki izime, kisha uunganishe. Usifanye kazi na mashine isiyozimika ikiwa mgongoni.

Unapigwa shoti ukiishika: kofia ya plagi imepasuka au waya umechubuka. Shoti ya plagi yenyewe ni chungu tu kwa mtu mwenye afya, lakini cheche hiyo iko sentimita chache kutoka kwenye salfa. Simamisha kazi. Ukipigwa kwenye bomba la kupulizia na si kwenye injini, huo ni umeme tuli unaotokana na unga kupita kwenye plastiki. Mashine nyingi za unga huja na waya au kimnyororo cha kuutoa, na mara nyingi kimeondolewa na mtu aliyeona hakina kazi. Kirudishe.

Ukinusa salfa inaungua au kuona moshi kwenye tangi, vua mikanda, achia mashine, ondoka upande upepo unakotokea. Mwali wa salfa ni wa bluu hafifu, mchana huuoni vizuri, na moshi wake unakaba kifua. Mchanga au maji ya kunyunyiza taratibu yatauzima. Ndoo ya kumwaga kwa nguvu itarusha unga hewani.

Ukienda kwa fundi

Mwambie ulichopima, si ulichohisi: moto unapotea ikiwa baridi au ikiwa na joto, umeshajaribu plagi mpya au bado, umeshachomoa waya wa swichi na ikawaje. Kama ni kununua koili, nenda na ya zamani mkononi, mlinganishe umbali wa matundu ya skrubu, urefu wa miguu na idadi ya waya. Mbili zinaweza kufanana kwa macho na moja isifike kwenye sumaku. Ikishafungwa, iendeshe dakika kumi na tano tangi la salfa likiwa tupu, kwa mafuta mengi na machache, uizime kwa swichi, uiwashe tena ikiwa na joto. Ikifaulu hapo ndipo uijaze unga.